Nani Humwambia Kijana Yeye ni Nani?

Msafiri apandaye basi pale Mombo kwenda milima ya Usambara huanza kusikia baridi kabla hajafika Soni. Barabara yapanda ikizunguka, korongo upande huu na jabali upande ule, na mgeni asiyezoea hushika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Lakini vijana waliomo ndani ya basi hawatazami korongo. Mbele, juu ya kichwa cha dereva, pamefungwa televisheni, na humo nyimbo zapita moja baada ya moja: kijana mwenye mkufu mnene shingoni, gari lisilo na paa, bwawa la kuogelea lenye maji ya buluu, wasichana wachezao bila kuchoka. Basi lapita katikati ya migomba na mashamba ya mboga, na abiria wake wako mahali pengine kabisa, mahali ambapo hapana mgomba hata mmoja.

Safari yetu ilitufikisha Mgwashi. Kwa ajili ya wasomaji wetu wa Songea, Bukoba na Sumbawanga wasioijua nchi hii, tuseme ya kwamba Mgwashi ni kata ya Halmashauri ya Bumbuli, katika wilaya ya Lushoto. Watu wake hulima mahindi, maharage na ndizi kwenye miteremko ambayo mtu wa tambarare angeogopa hata kuisimamia. Hapo tuliona jambo dogo, na kwa sababu ya jambo hilo dogo twaandika makala haya.

Mvulana wa miaka kama kumi na saba alikuwa akipigwa picha na mwenzake kwa simu. Walisimama mbele ya ukuta wa duka uliopakwa rangi nyekundu. Mara ya kwanza picha haikumridhisha. Akasogea hatua mbili. Mara ya pili hakuridhika pia, akasogea tena, safari hii akamwelekeza mwenzake apige kutoka chini. Tulisogea karibu tujue kasoro ilikuwa nini. Ilikuwa jani la mgomba. Kila mara lilichungulia kwenye pembe ya picha, naye hakutaka lionekane. Tukamwuliza kwa nini, akajibu bila hasira kwamba wakiliona wataona yeye ni wa kijijini. Tukamwuliza, "Kwani wewe si wa kijijini?" Akacheka. "Mimi ndiyo," akasema, "ila picha siyo."

Neno hilo limetukaa. Hatudhani alitaka kusema jambo zito, lakini alilisema.

Katika ukurasa huu, na katika mahubiri mengi, video za nyimbo, au vichupa kama vijana wazitavyo, hushtakiwa kwa kosa moja, nalo ni utupu. Hatulikanushi shtaka hilo. Mzazi anayekaa sebuleni na binti zake, akalazimika kuinuka kwenda kuzima televisheni kwa aibu, hahitaji tumfafanulie. Walakini twaona kwamba shtaka hili, kwa kurudiwa mno, limeficha lingine lililo chini yake. Video yaweza kuwa na wachezaji waliovaa kuanzia shingoni hadi kwenye kifundo cha mguu, isiwe na neno moja chafu, na bado ikamfanya mvulana wa Mgwashi alikimbie jani la mgomba. Hilo ndilo tutakalolichunguza leo.

Na tuanze kwa kukumbuka kuwa si zamani sana wimbo ulikuwa jambo la sikio. Zanzibar ilipata televisheni katika miaka ya 1970, bali Tanzania Bara haikuwa nayo mpaka mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo, mtu wa Lushoto aliyependa muziki wa Tanga, wa Jamhuri Jazz au Atomic Jazz, aliusikia redioni, labda redio ya jirani, na akiwa na bahati aliuona ukipigwa ukumbini. Bendi ilimpa sauti na maneno. Picha aliitoa mwenyewe. Wimbo uliposema juu ya msichana aliyeondoka bila kuaga, kijana aliyekuwa akipalilia maharage hakumfikiria msichana wa Los Angeles. Alimfikiria binti wa bonde la pili, anayemjua kwa jina na kwa ukoo, na njia aliyoondokea ilikuwa ile iteremkayo mtoni. Kwa namna hiyo wimbo uliotungwa mjini ulihamia kijijini ukakaa humo kama mkwe, ukala ndizi za humo. Aliyeusikiliza alibaki mwenye nyumba.

Video imeigeuza habari hiyo. Leo picha yaja imekwisha kutengenezwa. Wimbo ukisema "mpenzi", sura ya mpenzi imekwisha amuliwa. Ukisema "nyumbani", nyumba yenyewe ni hii, yenye ngazi za marumaru. Ukisema "nimefanikiwa", mafanikio ni gari hili, la rangi hii. Kijana haombwi tena kuleta kitu chake. Aombwa atazame. Na akitazama kwa muda wa kutosha, halafu akainua macho kutazama kwao, aona kwamba kwao hapamo katika wimbo wowote. Hapana anayemtukana, hapana aliyesema Mgwashi ni mahali duni. Ni kwamba tu, katika nyimbo mia alizoziona, hakuna aliyependa, aliyelia, wala aliyeshinda mahali panapofanana na pale.

Jambo hili ni zito zaidi kwa watu wa milima hii kuliko wengine wanavyoweza kudhani. Wasambaa wa kale waliigawa dunia sehemu mbili. Palikuwa na Shambaai, yaani milimani, penye mvua na migomba na watu wenye adabu. Na palikuwa na nyika, kule chini, penye jua kali, homa na wageni. Mtu kamili alikaa juu. Aliyeshuka nyika alishuka kwa shida au kwa biashara, na moyo wake ulitulia alipoiona tena migomba. Migomba ndiyo iliyomwambia kwamba amefika kwa watu. Sasa fikirini: jani lile lile lililomwambia babu yake kuwa amefika kwa watu, ndilo mjukuu analosogea hatua mbili ili lisionekane. Mpaka umebaki pale pale ulipokuwa. Kilichogeuka ni upande ambako watu wanadhaniwa kuwako.

Basi huyo anayeigwa ni nani? Wanaofanya kazi ya kupiga video hawafichi kwamba mara nyingi nyumba imekodiwa kwa siku moja, gari limeazimwa, na mavazi yatarudishwa dukani kesho yake. Hatusemi hayo ili kuwadharau wasanii. Mchezo wa kuigiza siku zote umekuwa na mavazi ya kuazima. Twayasema kwa sababu kijana wetu hamwigi msanii. Msanii ni mtu aliyeamka alfajiri, aliyelala njaa mara nyingi kabla ya kujulikana, mwenye mama na deni na hofu. Diamond Platnumz, ambaye leo anajulikana Afrika nzima, amekulia Tandale, Dar es Salaam, akilelewa na mama yake, na Tandale hajaacha kuitaja. Harmonize ametoka mkoa wa Mtwara, na jina lake la utani, Konde Boy, latokana na Wamakonde. (Tanga yetu nayo ina mwimbaji wa kufokafoka ajiitaye Roma Mkatoliki. Hatuna haja ya kumdai cheti cha ubatizo.) Watu hawa wana kwao, na wengine wao wapajua kwao kuliko sisi tunaowakemea. Lakini mvulana aliyesimama mbele ya ukuta mwekundu hakumwiga mtoto wa Tandale. Alimwiga yule mwenye mkufu, aliyeishi dakika nne tu na hana kwao.

Kuna habari moja ambayo hatuwezi kuifikiria bila huzuni, na twaitaja kwa heshima kwa marehemu na jamaa zake. Alikuwapo binti aliyeitwa Agnes Gerald. Alitokea katika video ya wimbo wa mwimbaji Belle 9 uitwao "Masogange". Wimbo ulipendwa, na binti akapendwa, na tangu hapo nchi nzima ikamwita Masogange. Aliendelea kutokea katika video za wengine, na watu wengi sana walijua sura yake. Mwezi Aprili mwaka 2018 alifariki akiwa bado kijana, akarudishwa kuzikwa kwao, mkoani Mbeya. Magazeti yaliandika jina la wimbo kwa herufi kubwa, na jina alilopewa na wazazi wake likaandikwa kwa herufi ndogo. Hatusemi neno lolote juu ya maisha yake, kwa kuwa hatukumjua; na hilo hasa ndilo tunalotaka kulisema. Maelfu kwa maelfu walidhani wanamjua. Walilijua jina alilopewa na wimbo wa mtu mwingine.

Hapa yatupasa tusimame kidogo tuulize swali lenyewe, ambalo si la muziki tu. Mtu hujuaje kwamba yeye ni nani?

Hakuna aliyepata kuuona uso wake mwenyewe. Auona mkono wake, auona mguu wake, lakini uso wake auona kwa kupitia kitu kingine: maji, kioo, au macho ya watu. Mtoto mchanga hujifunza kuwa yupo kwa sababu mama amemtazama akatabasamu. Baadaye baba humwita, naye hujua kwamba ana jina; bibi humwambia amefanana na mjomba fulani aliyekuwa hodari wa kuchonga mizinga, naye hujua kwamba ana mahali katika mlolongo wa watu. Nafsi haichimbwi peke yake kama kiazi. Twaipokea mikononi mwa wanaotutazama, kisha ndipo tunapopata nguvu ya kuikubali, kuirekebisha, hata kubishana nayo. Falsafa zinazosema kijana achague tu awe nani, kama achaguavyo shati, zasahau kwamba hata shati huwezi kujua kama limekukaa bila mtu kukuambia.

Ikiwa ndivyo, ubaya wa video wakaa mahali ambapo hatukuzoea kuutafuta. Video ni uso usiotazama. Kijana amjua mwimbaji: ajua viatu vyake, ajua amegombana na nani, ajua lini alizaliwa. Mwimbaji hamjui. Kijana amtazama kila usiku chini ya blanketi, naye uso ule wamtazama kama kwamba wamwona, watabasamu hasa kuelekea kwake, hata wamwashiria kwa kidole, na hauoni kitu. Mtakatifu Augustino alilijua jambo la namna hii karne kumi na sita zilizopita. Katika kitabu chake cha Maungamo asimulia jinsi alivyokuwa, alipokuwa mtoto wa shule, akimlilia Dido, malkia wa hadithi aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, huku nafsi yake mwenyewe akiiacha bila chozi. Na alipokuwa kijana mjini Karthago, alizipenda mno tamthilia. Hakulaumu machozi. Alishangaa kwamba yalikwenda kwa mtu asiyeweza kuyapokea.

Vijana watatujibu kwamba habari hiyo imepitwa na wakati. Siku hizi, watasema, hatutazami tu, twatazamwa pia. Kila mmoja ana simu, kila mmoja hucheza wimbo ule mbele ya simu yake na kuutuma, na watu wakamtazama. Ni kweli, na ni jibu zuri. Tulimwuliza mvulana wetu ni watu wangapi walioitazama picha yake ya mwisho, akataja hesabu papo hapo, bila kufikiri. Tukamwuliza ni nani hao. Akafikiri. Aliwajua wanne. Waliobaki walikuwa hesabu. Na hesabu yaweza kupanda na kushuka, yaweza kumfurahisha mtu asubuhi na kumkosesha usingizi usiku, lakini haiwezi kumwuliza mbona leo hujala.

Wazee nao wasifurahi upesi. Najua wako waliokwisha kukunja gazeti na kusema, "Enzi zetu haya hayakuwako." Yalikuwako. Tangu miaka ya 1890, vijana wa pwani, kuanzia Lamu na Mombasa, walianzisha ngoma ya beni. Walivaa sare za kijeshi za Wazungu, walipiga tarumbeta, waligawana vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakajipanga katika vyama vya Marini na Arinoti. Tanga ilikuwa mojawapo ya ngome za mchezo huo, na baada ya Vita Kuu ya kwanza ulienea bara mpaka mbali. Wamisionari wengi waliukemea, na wazee wa siku zile walisema maneno yale yale tunayoyasema leo: vijana wamepotea, wajifanya watu wasio wao. Babu zetu walikuwa vijana hao.

Hata hivyo pana tofauti, na si ndogo. Jenerali wa beni alivaa koti la jenerali mbele ya watu waliojua kuwa yeye ni mpagazi, mtoto wa fulani, na kwamba koti limeshonwa na fundi wa mtaa wa pili. Alicheza cheo kile katikati ya watu wake. Akifiwa, chama chake kilimchangia sanda. Uso wa kuigiza aliuvaa na kuuvua mahali pale pale, na macho ya watu yaliona vyote viwili, koti na mwenye koti. Kwa hiyo mchezo haukumtenga na kwao. Huenda ulimpa nafasi ya kuwacheka wakubwa kidogo, na kujiona mrefu katika nchi iliyomlazimisha ainame. Kijana wa leo huvaa uso wake wa kuigiza mbele ya watu wasiomjua. Na kwa kuwa hawamjui, hawezi kuuvua.

Serikali, kwa upande wake, imejaribu njia ya amri mara nyingi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, nayo ikaanza Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, wigi na suruali za kubana mjini Dar es Salaam. Mwaka 2016 video ya wimbo "Chura" wa Snura ilipigwa marufuku. Mwaka 2018 nyimbo kadhaa zilizuiwa redioni na katika televisheni, na mwishoni mwa mwaka huo Diamond na Rayvanny walifungiwa kufanya maonyesho kwa sababu ya wimbo "Mwanza". Hatusemi kwamba mamlaka haina haki ya kulinda adabu ya hadhara, inayo. Twasema tu kwamba kijana aliyekatazwa kutazama uso fulani bado hajapewa uso mwingine wa kumtazama, na simu i mfukoni.

Sasa twafika mahali pagumu, nasi twaomba wasomaji wetu wapenzi, hasa akina baba, wasituache hapa.

Tumesema kwamba mtu hulipokea jina lake kutoka kwa watu wake. Tumelisema kana kwamba watu wake siku zote humpa jina jema. Lakini milima hii ya Usambara yenyewe ina hadithi inayotukatalia. Katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi, imesimuliwa habari ya Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu na kuwa baba wa watawala wa Vuga. Mbegha aliota meno ya juu kwanza. Watu wake walikuwa na neno kwa mtoto wa namna hiyo: kigego, yaani mwenye mkosi, wa kuwaletea jamaa vifo. Alipokua, jamaa zake walimnyima urithi kwa neno hilo. Walimjua sana, walijua mpaka meno yake. Akaenda mbali na kwao. Milimani akawagawia watu nyama, akaua simba, na watu wasiojua habari ya meno wakampa jina la Simba na kumfanya mtawala wao.

Tukiisoma hadithi hiyo kama wazazi, hatuwezi kukaa salama. Kwa maana nani asiyejua kijiji kina majina gani? Mtoto wa mlevi. Yule aliyefeli darasa la saba. Yule ambaye mama yake alimpata kabla ya ndoa. Mvivu kama mjomba wake. Yako majina tunayompachika mtoto akiwa na miaka sita, na akiwa na miaka thelathini bado tunamwita kwayo, nasi twashangaa kwa nini anapenda sana kuwa mahali asipojulikana. Wako wengine ambao hawana hata jina baya. Hawaitwi kabisa, isipokuwa kutumwa. "Lete maji." "Fungua mbuzi." "Zima hiyo simu." Baba aweza kukaa nyumba moja na mwanawe miaka kumi na saba bila kumtazama usoni kwa muda wa wimbo mmoja. Na wimbo mmoja ni dakika nne.

Twaogopa, basi, kwamba uso usiotazama haukuingia nyumbani kwetu kwa kuvunja mlango. Ulikuta kiti kitupu.

Wala sisi watu wa Kanisa tusijitoe katika shauri hili. Kwaya zetu nazo hutoa video siku hizi, na nyingi twazipenda. Lakini tazameni zinavyopigwa. Kwaya ya mlimani, ambayo wanakwaya wake huja mazoezini kwa miguu na matope hadi magotini, huchanga fedha miezi mingi, hukodi gari, husafiri mpaka bustani ya hoteli ya mjini, na huimba mbele ya chemchemi ya saruji. Tumeona video moja ambamo wimbo wahusu Lazaro maskini mlangoni mwa tajiri, na nyuma ya waimbaji limeegeshwa gari jeupe ambalo hapana hata mmoja wao aliyepata kulipanda. Hatukucheka. Tulimkumbuka mvulana wa ukuta mwekundu, tukajiuliza alijifunza kwa nani kulificha jani. Ikiwa hata tunapomwimbia Mungu twaona haya kuimba mbele ya migomba yetu, tutamwambia nini yeye?

Kiongozi mmoja wa kwaya tuliyemwambia maneno hayo alitujibu vema, nasi twaliweka jibu lake hapa kwa kuwa hatukuweza kulishinda. Alisema wanakwaya wake hukaa mwaka mzima kwenye matope, na siku ile moja ya bustani ni sikukuu yao; mbona maharusi hawalaumiwi kwa kuvaa suti ya kuazima? Ni kweli. Sikukuu ina haki yake, na mtu kujiona mzuri siku moja si dhambi. Huenda swali ni hili tu, kama akirudi nyumbani anaona amerudi kwake au ameshushwa. Hilo hakuna anayeweza kulijibu kwa niaba ya mwingine.

Jioni ile Mgwashi tulikaribishwa nyumbani kwa mvulana yule, bila kujua mwanzoni kwamba ni kwao. Baba yake alikuwa akipukuchua mahindi barazani. Mvulana aliketi mbali kidogo, simu mkononi, kichwa kimeinama. Katika mazungumzo tulimwuliza mzee kama amepata kuzitazama nyimbo hizo pamoja na mwanawe. Alisema hapana, kwani ni mambo ya kipuuzi. Kisha akakaa kimya, akapukuchua mhindi mmoja mpaka ukaisha, akasema, "Hebu lete."

Mvulana alisita. Akaja akakaa kando yake, akamwekea wimbo. Mzee aliutazama wote, tangu mwanzo hadi mwisho, simu ameishika mbali na macho kama wazee washikavyo barua. Ulipokwisha hakusema ni mbaya wala ni mzuri. Akauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?"

Mvulana akacheka kwa kushangaa, kisha akaanza kueleza: ametoka wapi, amelelewa na nani, alianza vipi kuimba. Alieleza muda mrefu kuliko tulivyomsikia akisema siku nzima. Mzee aliitikia kwa kichwa. "Kumbe ana kwao," akasema. Halafu, bila kuulizwa, akatuambia kwamba yeye alipokuwa na umri huo alikuwa mchezaji wa mdumange, na kwamba siku moja, kwa sababu ya msichana wa kijiji cha pili, aliazima koti la kaka yake mkubwa akaenda nalo ngomani, akasema ni lake.

Mvulana aliweka simu chini. Akauliza kama yule msichana alimtambua.

"Alilitambua koti kwanza," baba akasema.